Igoki na Bingwa wa Jumamosi

Kila Jumamosi saa nane mchana, mwaka ule wa 1955, watu wa kijiji cha dharura juu ya Manyatta, walichohamishiwa kwa lazima na serikali ya kikoloni, waliruhusiwa kuweka chini majembe ya kuchimbia mtaro uliowatenga na msitu na kwenda uwanjani kutazama ndondi. Bwana DO, afisa Mzungu wa wilaya, alipenda ndondi. Alikuwa ameleta jozi mbili za glovu na kengele ya shule, akatoa amri kwamba homugadi wote vijana, wale walinzi wenyeji wa serikali, wajifunze. Mwalimu wao alikuwa Njoka.

Njoka mwenyewe hakuwa homugadi. Alikuwa mtu wa Keya, askari wa zamani wa Mwingereza aliyepelekwa Bama, huko Asia, wakati wa vita vya Hitler. Jeshini ndiko alikojifunza ngumi mpaka akawa bingwa wa kikosi chake. Sasa alikuwa mkulima asiye na shamba kama wanakijiji wote, maana mashamba yalikuwa ng'ambo ya mtaro na kuyafikia kulihitaji ruhusa. Lakini Jumamosi, akiwa ndani ya zile kamba nne, watu walisahau njaa kidogo wakampigia makofi.

Nyumba yake ilitazamana na ya shemeji yake, Igoki. Huyu alikuwa mke wa Njeru, kaka yake Njoka. Alizaliwa Kanyakine, upande wa Meru, akaolewa Embu, na majirani bado walimcheka namna alivyotamka Kiembu. Njeru alikamatwa mwaka uliotangulia akapelekwa kizuizini, kambi ya Manyani. Igoki akabaki na mtoto wa miaka minne, Ngari, na mama mkwe ambaye macho yalikuwa yamefifia. Igoki alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, asiye na maneno mengi.

Mwanafunzi bora wa Njoka alikuwa homugadi mmoja aitwaye Mbaka. Mbaka alikuwa mrefu, mwepesi wa miguu, na mkono wake wa kushoto ulitoka kama ulimi wa kinyonga. Akipigwa vizuri, alitabasamu. Kengele ikilia, alirudi nyuma mara moja na kugusanisha glovu na mwenzake.

"Yule kijana ana adabu ulingoni," Njoka alimwambia Igoki siku moja wakitoka uwanjani.

"Ulingoni," Igoki alijibu, akaongeza mwendo.

Njoka hakuuliza zaidi siku hiyo. Hakuwa akienda kuni.

Wanawake walikwenda kuni mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kando ya msitu, wakisindikizwa na homugadi wawili. Mmoja alikuwa Ndwiga, mzee kidogo, aliyebeba bunduki. Wa pili alikuwa Mbaka, aliyebeba rungu. Wakati wa kurudi, kila mmoja ameinamia mzigo wake na mkanda wa ngozi umekaza kwenye paji la uso, Mbaka alikuwa akimchagua mmoja. "Wewe, baki. Kipande chako cha ruhusa kina kasoro." Wengine walipita kona ya njia, na Ndwiga akaenda nao akitazama vidole vyake vya miguu. Yule aliyebaki alifika kijijini wa mwisho. Hakuna aliyemuuliza kitu, wala yeye hakusema.

Rwamba, jirani ya Igoki, alibakishwa mara mbili. Mara ya pili alikaa siku nzima bila kupika. Igoki akampelekea uji, akakaa naye mpaka kibuyu kikaisha, kisha akavuka ua akamweleza Njoka kila kitu.

Njoka hakulala vizuri. Asubuhi yake alimfuata Mbaka penye daraja la kuinua, mahali ambapo mtaro uliochomekwa miti iliyochongwa ulizunguka posti, kituo cha homugadi. Alikwenda kama mwalimu anayekwenda kumkanya mwanafunzi. Igoki alikuwa kwenye foleni ya kutoka kwenda kuchimba, akaona yote.

"Mbaka, nimesikia habari zako na wanawake," Njoka alisema. "Nataka ziishe."

Mbaka alimtazama kwa upole. "Mwalimu, leo si Jumamosi."

Njoka akainua ngumi. Mguu wa kushoto ulitangulia, kidevu kikashuka kifuani, viwiko vikabana mbavu. Alisimama vizuri sana, akamngojea Mbaka aje. Mbaka hakuja. Homugadi mwingine, ambaye Njoka hata hakuwa amemwona, alimjia kwa nyuma na kumshushia rungu begani. Njoka alipogeuka, Mbaka akampiga teke la goti. Akiwa chini wakamwongeza mawili matatu, kisha wakarudi kukagua vipande kana kwamba wamefukuza mbuzi. Foleni nzima ilikuwa haijasogea hatua kumi.

Mfupa wa bega ulivunjika. Igoki aliufunga mkono wa shemeji yake kwa leso, akampa kiti nje ya mlango apate jua.

"Nilisimama vizuri," Njoka alisema, akiuma meno.

"Nilikuona. Ulisimama kama mtu anayepigwa picha."

Njoka aliumia kwa neno hilo kuliko kwa rungu. Kwa siku mbili aliketi amempa mgongo. Siku ya tatu, Igoki akipepeta maharagwe, alimsikia akikohoa kwa namna ya mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mama Ngari, nataka nikwambie jambo. Kule Bama nilikaa karibu miaka miwili. Hakuna Mjapani hata mmoja niliyempiga ngumi."

Igoki aliacha kupepeta.

"Mmoja alinirukia kwenye matope. Nilimpiga usoni kwa kikombe cha bati cha chai, nikakimbia nikipiga kelele mpaka nilipowafikia wenzangu. Ndiyo sababu niko hapa. Halafu nikarudi kambini, wakanipigia makofi ulingoni, nikasahau kikombe nikakumbuka makofi." Alitazama mkono wake uliofungwa. "Ulingoni mtu yuko mbele yako, mmoja, mnalingana uzito, na yuko wa kuwaachanisha. Mimi nilikwenda kumwona Mbaka kama niko huko."

"Mimi kesho kutwa ni zamu ya kuni," Igoki alisema. "Na silingani naye uzito."

"Ndiyo maana nakwambia."

Wakaanza jioni ile ile, nyuma ya nyumba, jua likiwa bado juu ya migomba. Njoka hangeweza kuonyesha kitu kwa mkono mmoja, kwa hiyo alikaa kwenye gogo akaongea, na Igoki akafanya. Kwanza alimrushia usoni mafundo ya matambara, moja baada ya jingine. "Usifumbe macho. Hili ndilo jambo moja la ulingoni nitakalokupa. Kupigwa si mwisho. Ukifumba macho ndiyo mwisho." Igoki alifumba mara ya kwanza, na ya pili, na ya ishirini. Kufikia jioni ya nne, fundo lilimpata puani na macho yake yakabaki wazi yakimtazama Njoka.

Jambo la pili lilikuwa kelele. Hili lilimshinda zaidi, maana tangu mume wake akamatwe alikuwa amejifunza kunyamaza. Ikabidi afanye mazoezi kwa kumwita Ngari kutoka mbali, mpaka mama mkwe akalalamika kwamba mtoto huyo si kiziwi.

Jambo la tatu walibishana.

"Akikushika kwa nyuma," Njoka alisema, "kwanza weka mzigo chini, halafu—"

"Niweke chini aniambie asante?" Igoki alimkata. "Shemeji, wewe unanifundisha kama mtu anayetembea mikono mitupu. Mimi atanikuta na kuni mgongoni. Miaka yote ni kuni mgongoni."

Njoka akautazama mgongo wake. Hakuwa amefikiria kuni. Katika mafunzo yake yote, hakuna mtu aliyewahi kupanda ulingoni amebeba mzigo.

Igoki akaingia ndani, akatoka na mzigo mzima, mkanda kwenye paji. "Njoo unishike."

Njoka akainuka kwenye gogo, akampitishia mkono wake mzima begani. Igoki akainamisha kichwa, akauvuta mkanda kwa mikono miwili, na zile kuni zote zikaporomoka nyuma yake. Zilimwangukia Njoka kwenye vidole. Bingwa wa kikosi akaruka kwa mguu mmoja akizunguka ua, akitaja majina ya watu waliokufa zamani.

"Nani ameuawa?" mama mkwe aliuliza kutoka ndani.

"Hakuna mtu, mama," Igoki alijibu, akicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Njeru aondoke. Njoka naye, machozi yakimlenga, akacheka.

"Tena," alisema. "Lakini safari hii nitasimama kando."

Kesho yake Igoki alikwenda kwa Rwamba, na kupitia kwake kwa wanawake wengine. Makubaliano yalikuwa mafupi. Yeyote atakayebakishwa apige nduru, na wote warudi pamoja, mizigo mgongoni, wala asiwepo wa kukimbilia kijijini.

"Wana bunduki," Rwamba alisema.

"Bunduki anayo Ndwiga. Na Ndwiga ana mabinti watatu."

Zamu tatu zilipita bila Mbaka kumwita mtu. Zamu ya nne ilikuwa Alhamisi, na asubuhi hiyo gari la Bwana DO lilikuwa limeingia posti kwa ukaguzi. Wanawake kumi na wawili walijaza mizigo yao. Igoki alichagua kuni mbichi za muiri, nzito. Walipoanza kushuka alisikia sauti nyuma yake.

"Wewe wa Meru. Baki."

Wenzake walipunguza mwendo. Rwamba aligeuza kichwa kadiri mkanda ulivyomruhusu, macho yao yakakutana, kisha msafara ukapotea nyuma ya kona, Ndwiga akitangulia.

Mbaka aliegemeza rungu lake kwenye mti. Alikuwa akitabasamu lile tabasamu lake la Jumamosi.

"Nasikia mwalimu amepata mwanafunzi mpya nyuma ya nyumba," alisema. Akainua ngumi, akachezesha mabega, akarukaruka kidogo kwenye vidole. "Haya, njoo tucheze. Ukinigusa uso mara moja tu, nakuachia uende."

Igoki baadaye alisema kwamba hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa kuliko pote. Alikuwa na hasira, na hasira ilitaka kucheza. Jumamosi nyingi alimtazama mtu huyu. Alijua kwamba baada ya kurusha mkono wa kushoto huwa anaushusha, na pale usoni panabaki wazi. Mikono yake iliacha mkanda ikaanza kupanda yenyewe. Ndipo alipomkumbuka Njoka chini penye daraja, amesimama vizuri na amepigwa. Akamwona huyu mbele yake akimngojea, miguu yake imekaa sawasawa. Mchezo ulikuwa wake, yeye ndiye aliyeuita, na hapakuwa na kengele ya kuukatiza.

Akaishusha mikono, akaurudia mkanda, akainamisha macho.

"Mimi sijui kucheza, bwana," alisema. "Nimechoka. Kipande kiko hapa kifuani, mikono yangu imeshika mzigo." Akamgeuzia mgongo kama mtu anayetaka kuendelea na safari.

Mbaka akacheka, akaja. Igoki alisikia majani yakikanyagwa, halafu harufu ya tumbaku, halafu mkono ukamzunguka shingoni juu ya mzigo. Akabana kidevu. Akasubiri kidogo tu, mpaka aliposikia kiatu cha Mbaka kikisimama chini ya kuni. Kisha akauvuta mkanda.

Muiri mbichi ulishuka wote kwa pamoja juu ya miguu na miundi ya Mbaka. Akapiga ukelele, akajikwaa juu ya kuni, uso wake ukaja mbele mpaka begani pa Igoki. Igoki akatupa kichwa nyuma. Shingo yake ilikuwa imebeba kuni na maji tangu alipokuwa na miaka saba. Alisikia pua ikivunjika kama kijiti kikavu.

Mbaka hakuachia. Alishika nguo, akamvuta, na ngumi moja ikampata Igoki juu ya sikio. Dunia ikawa nyeupe, lakini macho yake hayakufumba. Aliona magoti ya Mbaka, akaona udongo. Akachota udongo akamjaza machoni, akamkanyaga kwa kisigino pale pale kuni zilipomwumiza, nguo ikachanika, akawa huru. Hakusimama kuona amefanya nini. Alilinyakua rungu penye mti, na kofia ya Mbaka iliyokuwa imeanguka, akakimbia kuelekea kwenye kona huku akipiga nduru iliyowarusha kima juu ya miti.

Hakufika hata nusu ya njia. Wanawake kumi na mmoja walikuwa tayari wanakuja, wameinama, mizigo mgongoni, wamejaza njia kutoka kichaka hadi kichaka. Rwamba alikuwa mbele. Walimpisha Igoki katikati yao wakaendelea kutembea. Mbaka, akichechemea, damu kifuani na udongo machoni, aliisikia hiyo miguu mingi kabla hajaiona. Rwamba alipobakiza hatua tatu amfikie, aliutua mzigo wake mbele yake kwa kishindo. Wa pili akatua. Wa tatu akatua. Hawakumgusa. Walimtazama tu, usoni, wote, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

Mbaka akageuka akaingia vichakani, akashika njia ya mkato ya kwenda posti.

Ndwiga akafika akihema, bunduki mkononi. Alitazama damu kwenye majani, kuni zilizotapakaa, na rungu mkononi mwa Igoki.

"Ameanguka?" aliuliza.

"Ameangushwa," Rwamba alisema.

Ndwiga akavua kofia, akajifuta uso polepole. Ilionekana anapima jambo alilokuwa amelibeba kwa muda mrefu. "Basi twendeni posti," alisema. "Na mizigo yenu. Twende kabla hajamaliza kusimulia."

Lakini Mbaka alikuwa ameshasimulia. Angewezaje kusema kwamba yeye, bingwa wa Jumamosi, amevunjwa pua na mwanamke wa kuni? Alimwambia Bwana DO kwamba magaidi sita wenye mapanga wametoka msituni, wamemzunguka, na amepambana nao peke yake kwa ngumi mpaka wakakimbia. Bwana DO alipiga simu Embu kuomba askari. Firimbi zikalia, daraja likainuliwa, homugadi wakapanda mnara, na kijiji kizima kikakusanywa uwanjani kiketi chini. Njoka aliketi na wengine, mkono wake kifuani, akiomba Mungu.

Ndipo msafara wa kuni ulipotokea ng'ambo ya mtaro, wanawake kumi na wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele alikuwa mfupi, nguo imechanika begani. Juu ya mzigo wake limelazwa rungu, na kofia ya homugadi imetundikwa kwenye kijiti.

"Nyinyi naona gaidi?" Bwana DO aliwapigia kelele kutoka ng'ambo, kwa Kiswahili chake kile.

Ndwiga akasimama wima, akapiga saluti. "Afande, hakuna gaidi leo. Aliyempiga Mbaka ni huyu mama."

Kijiji kizima kilivuta pumzi. Bwana DO alimtazama Igoki, akamtazama Mbaka, akamtazama Igoki tena.

"Wewe? Wewe napiga askari yangu? Na nini?"

"Na kuni, bwana," Igoki alisema, na sauti yake, iliyofanyiwa mazoezi, ilifika mpaka kwa watu wa mwisho kabisa. "Alinibakisha njiani akanishika. Si mimi wa kwanza."

Halafu Rwamba, kando yake: "Mimi alinishika mara mbili." Na mwingine nyuma: "Mimi mara moja, mwezi wa tatu." Na mwingine. Walisema mbele ya mama zao, mbele ya wakwe zao, bila kulia. Katika uwanja mzee mmoja akasimama, ingawa kusimama kulikatazwa, kisha mwingine, kisha wote. Homugadi wa mnarani hawakujua wafanye nini, wakamtazama Bwana DO.

Isidhaniwe kwamba Bwana DO alifanya alichofanya kwa ajili ya wanawake wale. Malori ya askari yalikuwa njiani kutoka Embu, na sasa ilimpasa kupiga simu tena aseme kwamba magaidi sita walikuwa mama mmoja na mzigo wa kuni. Uso wake ulikuwa mwekundu kama pilipili. Alimwendea Mbaka, akamvua kitambaa cha mkono cha homugadi mbele ya watu wote, na kumwamuru apande nyuma ya gari. Mbaka alipanda kwa shida, kwa sababu ya miguu. Hakuonekana tena Manyatta.

Igoki naye hakuachwa hivi hivi. Kumpiga askari ni kumpiga askari, Bwana DO alisema: siku mbili za ziada kwenye mtaro, hata Jumapili. Jumapili hiyo, baada ya ibada, Igoki alipofika mtaroni na jembe lake, aliwakuta wanawake wapatao thelathini wameshaanza kuchimba sehemu yake. Ilipofika saa saba kazi ya siku mbili ilikuwa imekwisha. Wakakaa ukingoni, wakagawana viazi vikuu, na Rwamba akaimba wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu pua ya mtu. Vigelegele vilisikika mpaka posti, na Ndwiga, aliyekuwa zamu, akajifanya anasafisha bunduki.

Bega la Njoka lilipopona, ndondi za Jumamosi zilirudi. Siku ya kwanza aliwaambia vijana: "Hapa tunacheza. Ni mchezo mzuri, nami naupenda. Lakini mtu akitoka hapa akidhani ameshajua kupigana, aje kwangu nimpeleke kwa shemeji yangu."

Mwezi huo walipewa ruhusa ya kuandika barua Manyani, ukurasa mmoja, na kila mtu alijua zinasomwa kwanza na wakubwa. Igoki hakujua kuandika, kwa hiyo Njoka akashika kalamu.

"Mwambie mama yake hajambo," Igoki alisema. "Ngari amekua. Mwambie nimemwangusha mtu mrefu."

"Hilo watalifuta, Mama Ngari. Na wewe watakuita ukajieleze."

Igoki akafikiri, huku akimfunga Ngari vifungo vya shati.

"Basi mwandikie kwamba kuni tunaleta wenyewe siku hizi, na wote tunafika nyumbani kwa wakati mmoja."

Njoka akaandika.